Mtoto Asiyependa Mpira

Jioni za kiangazi katika Kata ya Majengo, Manispaa ya Sumbawanga, chandimu huanza jua likiwa bado juu. Mawe mawili upande huu, mawili upande ule, mpira wa makaratasi uliozungushiwa kamba, na watoto wanachaguana. Manahodha wawili wanachukua mmoja mmoja: kwanza wenye mbio, kisha wenye chenga, kisha wenye miili mikubwa. Mwishoni wanabaki wawili watatu ambao hakuna anayewagombania. Mmoja ataambiwa akae golini. Mwingine ataambiwa asubiri mpaka mtu achoke. Wa tatu ataondoka kimyakimya, na wiki inayofuata hatatokea kabisa.

Mhadhara huu ni wa huyo wa tatu. Mtaani ataitwa mvivu, legelege, mtoto wa mama. Shuleni kipindi cha michezo kitamkuta chini ya mti akilinda mabegi ya wenzake. Wazazi huamini amekataa michezo, kumbe amekataa mchezo mmoja tu, tena katika mji ambao karibu michezo yote ni huo mmoja.

Wala si dhambi ya mji kupenda mpira. Oktoba 2020, Tanzania Prisons, waliokuwa wakicheza mechi zao za nyumbani katika Uwanja wa Nelson Mandela hapa Sumbawanga, waliifunga Simba bao 1-0, na ushindi wa namna hiyo husimuliwa kwa watoto na wajukuu. Mashindano ya shule nayo, UMITASHUMTA kwa msingi na UMISSETA kwa sekondari, yametawaliwa na mipira: wa miguu, wa wavu, wa kikapu, wa mikono, netiboli. Riadha ipo, lakini si kila asiyejua mpira ana mbio. Mtoto ambaye mwili wake hauelewani na mpira anamaliza darasa la saba bila mtu yeyote kumwonyesha mchezo mwingine.

Mwili wake, hata hivyo, unadai haki yake. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate kwa wastani dakika 60 kila siku za shughuli ya kumtoa jasho na kumharakishia pumzi. Utafiti wa shirika hilo uliochapishwa mwaka 2019, ukijumlisha takwimu za nchi 146, ulionyesha kuwa asilimia 81 ya wanafunzi wa miaka 11 hadi 17 hawafikii kiwango hicho. Wasichana asilimia 85, wavulana asilimia 78. Kweli, mtoto wa Majengo anayebeba ndoo ya maji na kutembea kwenda shule hupata sehemu ya jasho hilo bila kuandikishwa popote. Lakini ndoo haimfundishi kujiamini, na haimpi kundi la wenzake wa kuwa nao jioni.

Watoto wasiopenda mpira hawafanani, na ni kosa kuwaweka kapu moja. Yupo mdogo wa mwili ambaye kila akikanyaga uwanjani anasukumwa na wenye vifua. Yupo asiyeona mpira ukija kwa sababu anahitaji miwani na hakuna aliyegundua. Yupo anayechanganywa na kelele za watu ishirini wakimwelekeza kwa pamoja. Na wapo, pengine wengi kuliko wote, ambao hawaogopi kuumia hata kidogo. Wanachoogopa ni kuwaangusha wenzao kumi na kutazamwa kwa macho yale wanayoyajua.

Kwa watoto wa aina hii, judo, karate na taekwondo zina jambo ambalo mpira wa miguu hauwezi kuwapa. Anayeshindwa hakumshindisha mtu mwingine. Mpinzani ni mmoja, na katika judo mpinzani huyo amepimwa kwenye mizani: wanaume wakubwa wamegawanywa katika uzito wa aina saba, kuanzia chini ya kilo 60 hadi zaidi ya kilo 100, na watoto hupangwa kwa uzito na umri. Kijana wa kilo 28 hakutanishwi na wa kilo 45. Mkanda wa kiunoni unaeleza amefika wapi ukilinganisha na alikotoka, na hakuna nahodha wa kumwacha mwisho. Anajifunza pamoja na wenzake thelathini ukumbini, ila hesabu yake anaifanya peke yake.

Aliyeanzisha judo alikuwa mtoto wa namna hiyo hasa. Jigoro Kano alizaliwa Japani mwaka 1860, mwenye akili darasani na mwili mdogo, na shuleni Tokyo wenzake wenye nguvu walimwonea. Alipofika miaka 17 alitafuta walimu wa jujutsu, mapigano ya zamani ya askari wa Kijapani ambayo wakati huo watu wengi waliyaona yamepitwa na wakati. Mwaka 1882, akiwa bado kijana wa miaka 21, alifungua mahali pake pa kufundishia, Kodokan, katika hekalu la Eishoji, penye mikeka 12 na wanafunzi wasiozidi idadi ya vidole vya mikono miwili. Zile mbinu za hatari za kuvunja viungo aliziondoa katika mazoezi ya kushindana. Akabakiza kuangusha, kubana na kukaba kwa namna ambayo mtu anaweza kumfanyia mwenzake kwa nguvu zote, kisha wote wawili wakarudi nyumbani wazima.

Kano alikuwa mwalimu wa shule kwa kazi, na kwa miaka mingi aliongoza chuo cha ualimu Tokyo. Alitaka judo iwe somo la kulea watoto. Mwaka 1909 akawa Mwasia wa kwanza katika Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, na alifariki Mei 1938 melini, akirudi kwao kutoka mkutano wa kamati hiyo uliofanyika Cairo. Judo iliingia Olimpiki mwaka 1964 mjini Tokyo. Wanawake walisubiri mpaka Barcelona 1992 ndipo medali zao zikahesabiwa rasmi.

Historia ya karate inakaribiana na hiyo. Gichin Funakoshi, aliyeipeleka kutoka Okinawa hadi Tokyo mwaka 1922, alizaliwa kabla ya wakati na alikua mgonjwa mgonjwa. Mazoezi ndiyo yaliyomjengea afya. Naye pia alikuwa mwalimu wa shule ya msingi.

Mzazi anayetaka kujua kama ukumbi fulani unamfaa mwanawe atazame somo la kwanza. Katika judo inayofundishwa vizuri, mtoto hafundishwi kumwangusha mtu. Anafundishwa kuanguka yeye. Huanza akiwa amelala chali. Kidevu kinabanwa kifuani ili kisogo kisiguse chini. Mikono inanyooshwa, si mbali sana na mwili wala si karibu sana, na palepale mgongo unapogusa mkeka inapiga chini kwa kishindo, kuanzia viganja hadi viwiko, huku pumzi ikitoka. Kishindo kile ndicho kinachobeba uzito ambao ungeishia mgongoni na kichwani. Akizoea, anachuchumaa na kujiachia nyuma. Kisha anasimama na kujiachia. Kisha upande wa kulia, upande wa kushoto, na mwisho anabiringika mbele juu ya bega na kuinuka amesimama. Kazi hii huchukua wiki nyingi, na mwalimu mzuri huirudia kila siku hata kwa wenye mikanda ya juu.

Mtoto aliyezoea kuchekwa kila akianguka uwanjani anakuta hapa kwamba kuanguka ndilo somo, na anayelijua vizuri anapongezwa. Faida inamfuata hadi nje ya ukumbi. Akiteleza kwenye tope la masika au akidondoka kwenye baiskeli, kuna matumaini kwamba kidevu kitakwenda kifuani chenyewe.

Afrika Mashariki haikuanza jana kuyajua mambo haya. Katika miaka ya 1970, wakati filamu za Bruce Lee zikijaza majumba ya sinema ya Dar es Salaam, Mmarekani mweusi Nantambu Camara Bomani alifundisha karate ya mtindo wa Goju-ryu jijini humo, na Shule ya Zanaki ikawa jina linalotajwa kila wanapokutana makarateka wa zamani. Vijana wengi waliingia wakitaka kuruka kama Bruce Lee. Waliobaki ni wale waliokubali kusimama kwa mkao mmoja na kurudia ngumi ileile mpaka mwalimu aridhike. Zanzibar nako Mjapani Tsuyoshi Shimaoka, aliyefika visiwani mwishoni mwa miaka ya 1980, akaanza kufundisha judo na kuijenga kwa miongo mingi. Tanzania ikamtoa Andrew Thomas Mlugu, aliyeiwakilisha nchi kwenye judo, uzito wa chini ya kilo 73, katika Olimpiki ya Rio 2016 na tena Paris 2024. Nchi iliyozoea kupeleka wakimbiaji wa marathoni ilimpeleka mcheza judo mara mbili, na bado watoto wengi hawajawahi kulisikia jina lake.

Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika kuna kisa kizito zaidi. Popole Misenga alizaliwa Bukavu mwaka 1992. Akiwa na miaka 9 vita vilimpotezea mama na kumtenganisha na ndugu zake. Aliokotwa msituni baada ya siku 8 na kupelekwa Kinshasa, katika kituo cha watoto waliopoteza makazi. Huko ndiko alikokutana na judo. Mwaka 2013 alikwenda Rio de Janeiro kwa mashindano ya dunia na akaomba hifadhi, yeye na mwenzake Yolande Mabika. Miaka mitatu baadaye, katika mji uleule, wote wawili walikuwa katika timu ya kwanza ya wakimbizi kwenye Olimpiki, na Misenga akamshinda Avtar Singh wa India. Lakini kisa hakiishi kwa furaha tupu. Wachezaji hao wameeleza hadharani kwamba makocha waliokuwa nao awali waliwafungia ndani waliposhindwa mashindano. Judo ileile iliyompa mtoto yatima mahali pa kuegemea iliweza, mikononi mwa watu wengine, kuwa jela yake. Mzazi asilisahau hilo.

Parfait Hakizimana ni Mrundi. Mwaka 1996, akiwa mtoto wa miaka 8, kambi waliyokuwamo ilishambuliwa, mama yake akauawa na mkono wake mmoja ukaharibika kwa risasi. Alianza taekwondo akiwa kijana, akafikia mkanda mweusi, na mwaka 2015 akakimbilia Rwanda, kambi ya Mahama, si mbali na mpaka wa Tanzania. Kambini alikusanya watoto akawafundisha. Mwaka 2021 alikwenda Paralimpiki ya Tokyo, ambako taekwondo ilikuwa ikichezwa kwa mara ya kwanza, kisha akarudi kambini kwa wanafunzi wake. Walijifunza mahali pasipo na chochote cha kuitwa ukumbi wa kisasa, kwa mwalimu mwenye mkono mmoja unaofanya kazi.

Kuna wanaouliza kama ni sawa kuwaletea watoto wa Ufipa mapigano ya mbali, hali wazee wao walisifika kwa utulivu. Swali ni la haki. Mtaalamu wa mila Roy Willis, aliyefanya utafiti Ufipa katika miaka ya 1960, mwaka 1989 aliandika sura nzima akijaribu kueleza ni vipi Wafipa wa karne ya 19 waliweza kujenga jamii yenye amani ya namna ile. Jibu kwa wanaouliza liko kwenye namna mazoezi yenyewe yanavyofanywa: yanaanza kwa kuinama mbele ya mwenzako, yanakatishwa mara moja mwenzako anapogonga mkeka kuomba kuachiwa, na yanamalizika kwa kuinama tena. Mtoto aliyelelewa kupiga magoti anapomsalimia mkubwa hataona kigeni hapo. Na pwani, mapigano yenye adabu ni urithi wa kale: kirumbizi cha fimbo huchezwa Lamu wakati wa Maulidi, na Makunduchi kila Julai watu hupigana kwa mabua ya migomba siku ya Mwaka Kogwa, kisha wakala pamoja.

Hofu nyingine ni kwamba mtoto atajifunza kupiga mtama na roba akawatese wenzake njiani. Utafiti hapa haujibu ndiyo wala hapana, na sababu yake inafaa kusikilizwa kwa makini.

Mwaka 2004 Kimberley Lakes na William Hoyt walichapisha matokeo ya jaribio katika shule moja ya Marekani, lenye wanafunzi zaidi ya 200 wa chekechea hadi darasa la tano. Baadhi walipewa taekwondo, wengine wakabaki na kipindi cha kawaida cha michezo, kwa miezi mitatu. Wa taekwondo walifundishwa kujiuliza kila mara wako wapi, wanafanya nini, na walipaswa kuwa wanafanya nini. Walionekana kujitawala zaidi, wavulana hasa.

Kabla yao, mwaka 1986, Michael Trulson aliwagawa vijana 34 wakorofi katika makundi matatu. La kwanza lilifundishwa taekwondo ya asili, pamoja na utulivu na maadili yake. La pili lilifundishwa kupigana tu. La tatu lilicheza kikapu na kukimbia. Baada ya miezi sita ukali ulipungua katika kundi la kwanza, na katika kundi la pili ukaongezeka. Vijana 34 ni wachache mno kujengea sheria, lakini miaka 19 baadaye kukatoka onyo kubwa zaidi Norwei: Inger Endresen na Dan Olweus waliwafuatilia wavulana karibu 500 mjini Bergen na kuona kwamba waliojiunga na ndondi, mieleka, kunyanyua vyuma na mapigano ya Kiasia walizidisha tabia mbaya, hawakuipunguza. Jina la mtindo halimlindi mtoto. Anayemlinda ni mtu anayesimama mbele ya darasa.

Japani yenyewe, kwao na judo, ilijifunza kwa machozi. Ryo Uchida wa Chuo Kikuu cha Nagoya alikusanya kumbukumbu za shule tangu 1983 na kukuta vifo zaidi ya 110 vya wanafunzi kwenye judo katika muda usiofika miaka 30. Wengi walikuwa wageni wa mchezo, na majeraha ya kichwa baada ya kuangushwa yalikuwa chanzo kikubwa. Yaani walirushwa kabla hawajajua kuanguka. Mwaka 2022 shirikisho la judo la nchi hiyo likafuta mashindano ya taifa ya mtu mmoja mmoja kwa shule za msingi, kwa sababu uchu wa ushindi ulikuwa umewaharibu makocha na wazazi. Madaktari wa watoto wa Marekani nao, mwaka 2016, walishauri watoto wasiruhusiwe kupigana vichwani.

Sasa Majengo inahitaji nini? Vichache kuliko watu wanavyodhani. Karate na taekwondo huanza kwenye sakafu safi, miguu peku, na fulana na kaptura ya michezo ya shule inatosha mwaka wa kwanza; mavazi meupe yanaweza kusubiri. Judo inadai mkeka. Mahali pasipo na mikeka ya dukani, tabaka nene la maranda ya mbao lililofunikwa kwa turubai lililokazwa vizuri linaweza kutumika kujifunza kuanguka, mradi mwalimu akague kila siku mashimo na vitu vigumu, na mradi hakuna anayerushwa juu yake kwa nguvu. Darasa la shule likisogezwa madawati baada ya saa tisa ni ukumbi tayari, na katika baridi ya Juni na Julai ya uwanda huu wa mita karibu 1,800 watoto watafurahi kuwa ndani.

Kazi ni kumpata mwalimu. Askari wa Polisi na Magereza hufunzwa kujihami bila silaha, na wapo waliowahi kuvaa mikanda miji mingine kabla ya kuhamishiwa Rukwa. Kujua kupigana, hata hivyo, si kujua kufundisha mtoto wa miaka 9. Kabla ya kulipa ada, mzazi aende akakae pembeni kwa jioni nzima. Aangalie kama watoto wanafundishwa kuanguka kwanza. Aangalie kama wanaolingana uzito wanapangwa pamoja, na kama anayegonga mkeka anaachiwa papo hapo. Asikilize mwalimu anamwambia nini aliyeshindwa. Kwa binti, aulize nani mtu mzima mwingine huwapo ukumbini, na milango hubaki wazi au hufungwa. Ukumbi unaomzuia mzazi kutazama haumfai mtoto yeyote.

Amuulize pia mtoto mwenyewe. Kumtoa chini ya mti kwa viboko na kumtupa kwenye karate ni kumhamishia mateso mtaa wa pili. Aende mara tatu nne bila kuandikishwa, na akisema hapana, baiskeli ipo, kuogelea kupo, sarakasi na ngoma zipo.

Ombi moja linawahusu walimu wakuu wa shule za Majengo na maofisa michezo wa Manispaa. Muhula wa Januari ukifunguliwa, shule moja itoe darasa moja, jioni mbili kwa wiki, kwa watoto ambao hawamo kwenye timu yoyote, na itafute mwalimu mmoja mwenye mkanda na subira. Waliomo kwenye timu za mpira tayari wana viwanja, makocha na kombe la kugombea.